Saa ya rubani imekorofisha? Anza na dalili kabla ya bisibisi

Kijana mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, aliweka saa yake mezani kwangu Jumatatu asubuhi akasema, "Fundi, hii saa inaniwahisha mpaka inanitia aibu." Ilikuwa saa nyeusi ya rubani: uso mpana, namba nyeupe nene, na ile pembetatu yenye vidoto viwili pale kwenye 12. Jana yake alikuwa ameilinganisha na simu. Sasa ilikuwa mbele kwa dakika kumi na moja. Mahali pengine alikwisha kuambiwa kwamba mashine imekufa, atafute nyingine. Nikamuuliza anafanya kazi gani. "Natengeneza spika na sabufa, fundi."

Sikugusa bisibisi. Nilitoa dira ndogo ya plastiki, nikaiweka mezani, nikaizungusha saa taratibu kando yake. Upande wa namba 3 ncha ya sindano ilivutwa, upande wa namba 9 ncha ile ile ikasukumwa. Saa ilikuwa imeshika sumaku. Dakika mbili baadaye aliondoka nayo ikiwa nzima, mimi nikabaki na elfu tatu yake na chai iliyopoa.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa huku ziwani wanaovaa saa hizi, maana nyingi zinazofika mezani kwangu hazijaharibika. Zimepelekwa mahali ambapo hazikuwahi kuahidi kufika. Mtu amenunua sura ya saa ya rubani, akaamini amenunua na uhandisi wake, na hivyo viwili haviuzwi pamoja kila mara.

Umeshika nini?

Sura hiyo ilitoka Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Saa za wale waliokuwa wakipiga hesabu za njia ndani ya ndege ziliitwa B-Uhr. Zilikuwa na upana wa milimita 55, zikivaliwa juu ya mkono wa jaketi, na zilitengenezwa na viwanda vitano: A. Lange & Söhne, IWC, Laco, Stowa na Wempe. Kila kilichopo usoni kina sababu yake. Namba ni kubwa ili zisomeke gizani kwa kutupia jicho mara moja. Pembetatu inakuambia juu ni wapi hata saa ikiwa imegeuka mkononi. Kifundo cha pembeni, kile cha kutegea saa, kimevimba kama kitunguu ili mtu mwenye glavu akishike. Lakini hayo yote yako nje, kwa hiyo kiwanda chochote kinaweza kuyaiga, na vimeyaiga kweli.

Uhandisi umejificha. Mark 11 ya IWC, ya mwaka 1948, iliundwa kwa ajili ya jeshi la anga la Uingereza, na mashine yake ilifunikwa na ganda la chuma laini ili sumaku ya vyombo vya ndege ipite kwenye ganda na kuiacha mashine salama. Kioo cha saa ya rubani ya kweli kinakazwa ili kisifyatuke hewa ikipungua ghafla angani. Mwaka 2012 kiwanda cha saa cha Sinn pamoja na chuo cha FH Aachen cha Ujerumani walitoa masharti yaitwayo TESTAF, na mwaka 2016 kikaja kiwango cha Ujerumani cha DIN 8330. Humo mna vipimo vya kusomeka, mgandamizo wa hewa, mishtuko, sumaku, hata vimiminika vinavyopatikana kwenye ndege. Kama karatasi za saa yako zinataja DIN 8330, umenunua sura na roho. Kama usoni pameandikwa tu "Pilot", mshukuru aliyechora.

Geuza saa yako utazame mgongo. Ukiona kioo na rota (kile kipande kizito kinachozunguka mkono ukitembea na kuijaza saa) ikicheza ndani, basi ganda la chuma upande huo halipo, maana chuma hakipenyezi macho. Dirisha la tarehe nalo ni tundu kwenye ganda la mbele. Na kama mshale wa sekunde unaruka mara moja kwa kila sekunde, una saa ya betri. Badilisha betri, mengi ya hapa chini hayakuhusu. Saa ya ufunguo mshale wake unateleza kwa hatua ndogo ndogo: nane kwa sekunde kwenye mashine ya mapigo 28,800 kwa saa, sita kwenye ya 21,600.

Pima siku tatu ndipo uje

Kuniambia "saa yangu haiko sawa" ni sawa na kumwambia daktari "naumwa". Nipe namba. Kila siku saa moja asubuhi linganisha saa yako na simu iliyoshika saa ya mtandao, uandike imezidi au imepungua sekunde ngapi. Mchana ivae kama kawaida. Usiku wa kwanza ilaze uso ukitazama juu. Wa pili isimamishe ubavu, kifundo juu. Wa tatu kifundo chini. Karatasi hiyo inanipunguzia nusu ya kazi.

Sasa usishtuke na kila sekunde. Mashine ya NH35 ya Seiko, ambayo imo kwenye saa nyingi za bei nafuu zenye sura ya rubani, inaruhusiwa na mtengenezaji wake kupungua sekunde 20 hadi kuzidi sekunde 40 kwa siku. Ile yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, inabanwa kati ya kupungua 4 na kuzidi 6. Mtu anakuja amenuna kwamba saa yake inazidi sekunde 25, nafungua karatasi za mashine, namwonyesha: iko ndani ya ahadi yake, hata kama kuirekebisha zaidi inawezekana.

Na mara nyingine dawa iko kitandani. Kama inazidi sekunde sita ukiivaa mchana, halafu inapoteza tano ikilala kifundo juu, ilaze hivyo hivyo kila usiku. Hiyo tiba haina gharama, ndiyo maana mafundi hatuitangazi.

Inakimbia, na kukimbia kwenyewe ni kwa dakika

Ikizidi sekunde, ni marekebisho. Ikizidi dakika, fikiria sumaku kwanza. Moyo wa saa ni gurudumu la balansi linalokwenda na kurudi, na linalolirudisha ni springi nyembamba kama unywele iliyojizungusha mara nyingi bila duara moja kugusa jingine. Sumaku ikiingia, duara zinanatana. Springi iliyonatana ni sawa na springi iliyofupishwa, na springi fupi inapiga haraka. Kwa hiyo saa inakimbia. Sumaku ikiwa kali mno, inasimama kabisa.

Hapa Mwanza sumaku iko wapi? Kwenye spika, kama ya yule kijana. Kwenye kishikizo cha simu kwenye bodaboda, kile kinachonasa simu kwa kubandika. Kwenye kava za simu na tableti zinazojifunga zenyewe, vifungo vya mikoba ya akina mama, mpira wa mlango wa friji. Mafundi wa kuchomelea wa Nyakato wananiletea saa zao karibu kila mwezi, na ushauri wangu kwao haujabadilika: ivue kabla hujawasha mashine. Rubani naye hajasalimika. Hedifoni anazovaa zina sumaku, na akizivua anaziweka pale pale anapoweka saa.

Kipimo cha dira kina mtego mmoja. Sindano ikisogea tu usiseme tayari. Chuma kisicho na sumaku nacho kinavuta sindano, na saa yenye ganda la chuma laini itaivuta daima. Zungusha saa mduara mzima. Ncha ile ile ya sindano ikivutwa upande mmoja na kusukumwa upande wa pili, hapo sumaku ipo. Dira ya simu pia inafaa, ila itoe simu kwenye kava kwanza, usije ukapima kava.

Kifaa cha kuondoa sumaku ni kiboksi kidogo cha umeme, mara nyingi cha buluu, chenye koili ndani. Wanaoshindwa nacho wanakosea mahali pamoja: wanabonyeza, wanaachia, ndipo wanaondoa saa. Umeme ukikatwa saa ikiwa bado juu, unaiachia sumaku mpya. Weka saa, bonyeza, ivute juu taratibu mpaka urefu wa mkono, ndipo uachie kitufe. Usibonyeze zaidi ya sekunde chache, koili inachemka. Na siku umeme unakatika katika, acha hiyo kazi kabisa. Niliwahi kukatikiwa mkono ukiwa njiani, saa ikatoka na ugonjwa zaidi kuliko ilivyoingia.

Saa yenye ganda kamili la chuma laini ni habari nyingine. Ganda linalozuia sumaku ya spika linazuia na dawa pia. Ikiwa imeshika, mashine itolewe ndani ya ganda ndipo itibiwe, na hiyo ni kazi ya fundi. Lakini inachukua sumaku kubwa kuifikia. Kiwango cha kawaida cha saa inayoitwa kinga-sumaku, ISO 764, ni ampia 4,800 kwa mita. Saa za rubani zilizojengwa sawasawa zinatajwa kwa ampia 80,000 kwa mita. Siku hizi wengine wameacha ganda, wanatengeneza springi ya silikoni, ambayo sumaku haiijui.

Kama dira imetulia na bado saa inakimbia, uliza kama ilianguka. Pigo moja la kutoka kwenye bodaboda kwenye mawe yetu linaweza kurusha duara moja la springi juu ya jirani yake, au kurusha tone la mafuta mahali yasipotakiwa. Dalili ni ile ile ya kunatana. Hapo lazima ifunguliwe.

Inachelewa, au asubuhi unaikuta imesimama

Angalia kifundo. Nasema kweli, angalia kifundo kabla ya lolote. Kifundo kikubwa cha saa ya rubani kinanaswa na mkono wa jaketi au mfuko wa suruali, kinavutika hadi hatua ya kutegea, na mashine nyingi za kisasa zinasimamisha sekunde kikiwa nje. Hiyo ni sifa waliyoitaka marubani wenyewe, ili wategeane saa kwa sekunde moja. Mtu ametoka Buhongwa kwa daladala mbili, nikasukuma kifundo ndani kwa kidole gumba, saa ikaondoka. Sikumtoza.

Baada ya kifundo, uliza saa imekula nini. Kuna mwalimu mmoja mstaafu wa Pasiansi ambaye saa yake ilisimama kila Jumanne. Fundi wawili waliifungua. Nilimuuliza anaivaa lini. Anaivaa Jumapili kwenda kanisani, anaketi, anarudi, anaivua. Saa inayojijaza kwa rota inahitaji mkono unaotembea. Mwalimu alikuwa akiitia ufunguo kwa kupiga makofi ya kwaya tu. Na hata ikijaa, mashine ya ETA 2824-2 inabeba saa 38 hivi, NH35 kama 41. Hesabu kutoka Jumapili mchana utaikuta Jumanne ikiwa wapi. Nikamfundisha kuzungusha kifundo mara thelathini asubuhi. Kuna mashine za zamani kidogo, kama 7S26 ya Seiko, ambazo hazikubali ufunguo wa mkono wala hazisimamishi sekunde. Hiyo si hitilafu, ndivyo zilivyoundwa, itikise tu mkononi kwa muda.

Kama imejaa na bado inachelewa, na tofauti kati ya usiku wa uso juu na usiku wa kifundo chini ni kubwa, mafuta yamekauka. Fundi mwenye mashine ya kupimia mapigo ataiweka juu ya kipaza sauti chake na kusoma balansi inafungua nyuzi ngapi. Ikiwa imejaa na kulala chali, nyuzi 270 hadi 310 ni afya. Ikishuka chini ya 220, usimruhusu mtu aguse ile pini ya kuongeza na kupunguza mwendo. Kuisogeza ni kumpaka mgonjwa poda. Saa inataka kuvuliwa yote, kuoshwa na kutiwa mafuta mapya, tone kwa tone. Ukiona "fundi" anapuliza mafuta ya cherehani kupitia mgongoni, chukua saa yako uondoke, ukisalimia kwa heshima.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: sekunde inakwenda vizuri, lakini dakika zimelala au zinabaki nyuma nusu saa kwa siku. Mashine ni nzima. Mshale wa dakika umekaa juu ya kijibomba kinachoshikilia mhimili kwa kubana tu, ili uweze kutega saa bila kuvunja gia. Kikilegea, mhimili unazunguka peke yake. Saa ya rubani ina mishale mirefu na mipana, kwa hiyo kulegea kidogo kunaonekana upesi. Utakihisi kwa vidole: unapotega, kifundo kinakwenda laini mno, kama kijiko kwenye uji. Kukibana ni kazi ndogo kwa anayejua.

Ukungu ndani ya kioo

Hii ndiyo inayonikosesha usingizi, maana huku ziwani haisubiri.

Mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki alivuka kutoka Nansio akaja na saa ndani ya kikombe cha mchele. "Mwangaluka, fundi. Nimeitunza siku nane kwenye mchele, imekauka." Kweli kioo hakikuwa na ukungu. Nilipovuta kifundo, kilikuja na unga wa kahawia. Nilipofungua mgongo, mhimili wa kifundo ulikuwa umeota kutu ya rangi ya chai, na skrubu mbili za daraja zilikuwa na madoa. Punje moja ya mchele ilikuwa imebana kati ya mkanda na bodi. Mchele haujawahi kuvuta maji kupitia chuma na mpira. Ulichofanya ni kumpa mzee subira ya siku nane, na kutu nayo ikapewa siku nane.

Tofautisha kwanza. Ukungu wa nje unafutika kwa kidole, si kitu. Ukungu wa ndani unaotokea ukitoka juani kuingia kwenye basi lenye kiyoyozi, kisha ukapotea, ndio hatari zaidi kuliko unavyoonekana, kwa sababu ukipotea unadhani umepona. Maji hayajaondoka. Yamegeuka mvuke, yanasubiri kioo kipoe tena.

Siku hiyo hiyo ilete kwa fundi. Usiivute kifundo kila saa kuona kama inakwenda, usiianike juani, usiipulizie kikausha nywele. Joto linasukuma mvuke ndani zaidi ya mashine. Kama uko kisiwani na kivuko ni kesho, acha saa isimame, iweke mahali pakavu, uje kesho. Siku moja inavumilika. Maji ya ziwa hayana chumvi, hilo linatusaidia tukijilinganisha na ndugu zetu wa Pwani, lakini yana matope na uchafu wa kutosha kuziba mawe, yaani vile vito vidogo ambamo mihimili ya magurudumu inazungukia.

Yaliingiaje? Mara nyingi kwa kifundo. Vifundo vya kujifunga kwa nyuzi vinajazwa vumbi na sabuni, mtu anahisi amekaza kumbe amekaza uchafu. Pengine mpira wa kuzibia umekauka. Mpira huo ni wa miaka michache, na kila mgongo unapofunguliwa unastahili kupakwa grisi ya silikoni au kubadilishwa. Pengine namba ya mgongoni imesomwa vibaya. "30 m" haimaanishi unaweza kuzama mita thelathini kuchomoa wavu. Ina maana ya mvua na kunawa mikono. Kuogelea, tafuta bar 10. Na saa nyingi zenye sura ya rubani zimeandikwa bar 3 au 5, kwa sababu aliyeziunda alikuwa akiwaza hewa. Kwenye mwalo wa Kirumba, mtu anapopakua sangara alfajiri, hiyo saa imepotea njia.

Ukishaikausha na kufunga mipira mipya, ipime bila mashine. Iweke saa juu ya bamba lenye uvuguvugu, kama joto la mtu mwenye homa kali, dakika kadhaa hadi bodi yote ipate joto. Dondosha tone la maji baridi katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukiona duara la ukungu chini ya kioo, unyevu bado umo, rudia kazi. Pasipo ukungu, mpe mwenyewe.

Sinn wana njia yao ya kupambana na hili ambayo naipenda kwa uwazi wake: wanajaza bodi gesi ya kinga na kuweka kidonge cha salfeti ya shaba kinachonyonya unyevu. Kidonge kinaanza cheupe-cheupe, na kadiri kinavyonywa kinageuka buluu iliyokolea. Unatazama usoni unajua umebakiwa na kinga kiasi gani. Ukikikuta cha buluu kabisa, usidhani ni pambo.

Wasafiri wananiuliza kuhusu ndege ya Dar. Hewa ndani ya ndege kubwa inashuka hadi kiasi cha mlima wa mita 2,400 hivi, na Mwanza yenyewe tuko kama mita 1,140 juu ya bahari, kwa hiyo saa iliyofungwa Kariakoo inafika kwetu ikiwa na hewa iliyobanwa kidogo ndani. Saa nzima haijali. Ile iliyobandikwa kioo kwa gundi ya haraka inajali, na huwa inaanza kuachia pembeni; mara ya pili inaposhika mvua, unanijia na ukungu.

Tarehe inabadilika mchana

Hapa Kiswahili kinatusaidia na kutuponza. Ikiwa tarehe inaruka saa sita mchana, saa yako inadhani ni saa sita ya usiku. Mishale haijui usiku na mchana. Isogeze mbele saa kumi na mbili, imeisha.

Isiporuka kabisa, au ikikaa nusu-nusu kati ya namba mbili, uliza kama uliitega usiku. Kuanzia kama saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, meno ya tarehe yanakuwa yameshikana. Ukisukuma tarehe kwa kifundo wakati huo unaweza kuvunja jino au kupindisha kidole cha kusukumia. Njia salama ni kushusha mishale yote miwili hadi namba 6, yaani saa kumi na mbili na nusu yetu, ndipo utege tarehe, kisha urudishe saa. Jino likishavunjika, ni kubadilisha sahani, hakuna ujanja.

Kelele, vitufe na mengineyo

Rota inayogongagonga ukitikisa mkono, skrubu yake imelegea au beringi imechakaa. Usiendelee kuivaa, maana rota iliyolegea inachonga mgongo wa bodi na vumbi la chuma linaingia kwenye gia. Lakini kama saa yako ina mashine ya Valjoux 7750 na unahisi inatetemeka mkononi kama simu iliyozimwa sauti, tulia. Rota yake inajaza upande mmoja, upande mwingine inazunguka bure, ndiyo tabia yake.

Ukitia ufunguo kwa mkono na kuona rota nayo inazunguka kwa kasi, acha mara moja. Magurudumu ya kugeuzia mwelekeo yamekauka au yamechafuka, na kila mzunguko unakata meno.

Saa yenye vitufe viwili vya kupimia muda: mshale wake mrefu ukirudi pembeni ya 12, umehama kwenye mhimili, fundi anaukaza. Usibonyeze kitufe cha kurudisha wakati mshale unakwenda, isipokuwa umehakikisha ni ile aina iliyoundwa kwa marubani ambayo inarudi na kuanza upya kwa kubonyeza mara moja.

Rangi ya gizani isipowaka, iweke kwanza kwenye mwanga mkali. Super-LumiNova ya leo inakunywa mwanga na kuutoa kidogo kidogo. Saa iliyokaa kabatini haina cha kutoa. Ila kama ni saa ya vita au ya babu, namba zimegeuka kahawia na haziwaki tena, usizikwangue na usiifungue nyumbani. Rangi za zamani zilitiwa radiamu, kitu kinachotoa mionzi. Kuwaka kumekwisha, mionzi haijaisha: nusu yake inachukua miaka kama 1,600 kupungua. Mimi mwenyewe hizo sizifungui.

Michubuko juu ya kioo kigumu cha yakuti (safiri) mara nyingi haiko kwenye kioo. Ni utando wa kuzuia mng'ao uliopakwa nje ili rubani asipofushwe na jua. Ukiusugua kwa dawa ya meno utaumaliza. Na ile pete ya kupigia hesabu pembeni, ikikwama, inataka mswaki laini na maji ya sabuni, baada ya kuhakikisha kifundo kimefungwa. Niliwahi kutoa magamba ya sato humo.

Mshale mwekundu uko nyuma

Dada mmoja alipewa saa na kaka yake anayerusha ndege ndogo. Akaja amechoka. "Fundi, huu mshale mwekundu kila nikiuangalia uko nyuma masaa matatu. Na unajikokota, unazunguka mara moja tu kwa siku nzima."

Nikamwambia unazunguka kama ulivyoagizwa. Ni mshale wa saa 24, na kaka yake ameuacha kwenye saa ya dunia ambayo marubani wote huandikia safari zao, iitwayo UTC. Sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Ilikuwa saa tatu asubuhi: mshale mfupi ulionyesha 9, mwekundu ulionyesha 6, kila mmoja akisema kweli.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo hakuna hata mmoja unaosema saa tatu?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Saa yake ilikuwa ya aina ambayo mshale wa nne unategwa peke yake, kwa hiyo nilivuta kifundo hatua ya kwanza, nikaurudisha mwekundu hadi kwenye 3 ya ule mduara wa 24. Tukahesabu pamoja. Saa sita mchana utakuwa kwenye 6. Jua likizama saa kumi na mbili, utakuwa kwenye 12. Usiku utaendelea 13, 14, atoe kumi na mbili mwenyewe. Akaivaa, akautazama tena, akauliza kaka yake akitua na kuukuta hivyo atasema nini. Nikamwambia amtume kwangu.